Google Search Console kwa mwenye tovuti ndogo ya Kiswahili

Nina tovuti ya mapishi ya pwani. Naiendesha mwenyewe nikiwa Tanga, na yote yaliyomo ni Kiswahili: vitumbua, kaimati, mihogo ya nazi, samaki wa kupaka, pilau. Wasomaji wangu wengi huletwa na Google, kwa hiyo Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyotokea kwenye matokeo ya utafutaji, ndicho ninachokifungua kuliko vyote. Wanaokisifia mitandaoni aghalabu ni wenye tovuti kubwa za Kiingereza. Hali yetu ni nyingine, ndiyo maana nimeona niandike.

Ni bure. Unachohitaji ni akaunti ya Google na kuthibitisha kwamba tovuti ni yako. Nakushauri uthibitishe jina zima la tovuti kwa kuweka rekodi ya TXT, yaani mstari mfupi wa maandishi unaopewa na Google, kwenye mipangilio ya jina la tovuti (DNS), pale uliponunua jina lako. Ukikwama, waandikie waliokuuzia wakusaidie, si kazi kubwa. Ukifanya hivyo, kurasa zenye www na zisizo nayo, za http na za https, zote zinahesabiwa pamoja.

Utamu wenyewe uko kwenye ripoti ya utendaji. Humo unaona maneno ambayo watu waliyaandika Google, ukurasa wako ulitokea mara ngapi, ulibofywa mara ngapi, na ulikuwa wa ngapi kwa wastani. Mimi huanza na maneno ambayo ukurasa unatokea sana lakini haubofywi. Ukurasa wangu wa maandazi ya nazi na iliki ulikuwa hivyo. Nilipochuja kwa nchi nikachagua Kenya, nikakuta kwamba wenzetu wa huko wanaukuta wakitafuta mahamri, halafu wanaupita. Mtu wa Mombasa anayetaka mahamri abofye maandazi kwa nini? Nikaliweka neno mahamri kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, nikaeleza namna yanavyoliwa na mbaazi za nazi, na wasomaji wa Kenya wakaanza kuingia. Kichujio hichohicho kinanionyesha watu walioko Oman na Falme za Kiarabu wanaotafuta mapishi yetu kwa Kiswahili. Kwa ajili yao nimeanza kutaja kiungo mbadala pale ambapo kiungo cha hapa nyumbani si rahisi kukipata ugenini.

Jambo la pili ninalolipenda ni kumbukumbu ya miezi 16. Kabla ya toleo lililotoka mwaka 2018 ulikuwa unaona siku 90 tu. Kwa tovuti ya mapishi ya Waswahili tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu mwezi wetu mkubwa ni Ramadhani. Miezi 16 inatosha kuuweka mfungo wa mwaka huu kando ya ule wa mwaka jana. Ila usitumie ule ulinganisho wa tayari wa kipindi kama hiki mwaka jana, kwa kuwa Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka na tarehe hazitaoana. Ingiza tarehe kwa mkono: kuanzia mwishoni mwa Shaabani hadi Idi, kwa miaka yote miwili. Nilipofanya hivyo niliona kwamba watu huanza kutafuta futari kabla mwezi haujaandama. Mihogo na magimbi hupanda mwanzoni, na biriani hupanda Idi inapokaribia. Siku hizi kurasa za futari nazikamilisha Rajabu, ili roboti ya Google, yaani programu yake inayosoma kurasa, iwe na nafasi ya kuzipitia upya kabla watu hawajaanza kuzitafuta.

Kuhusu kurasa kuingia kwenye faharasa ya Google, yaani hazina ya kurasa inazoweza kuzionyesha kwenye matokeo, chombo hiki kinasema kweli hata kama haipendezi. Unabandika anwani ya ukurasa, nacho kinakuambia kama umo au haumo, na sababu yake. Sababu inayowaumiza wengi ni ile ya kwamba Google imeupitia ukurasa lakini haikuuingiza. Hapo tatizo mara nyingi ni ukurasa wenyewe: umefanana mno na mwingine, au hauna kitu cha kumfaa mtu. Kurasa fupi za chai ya tangawizi, chai ya mdalasini na chai ya mchaichai ni afadhali ziwe ukurasa mmoja uliojaa. Unaweza kuomba ukurasa upitiwe upya, lakini kuomba mara nyingi hakuharakishi chochote, na maombi ya siku yana kikomo.

Hapa lazima niseme kuhusu wale wanaotutumia ujumbe wakitaka fedha ili wasajili tovuti zetu Google au watuhakikishie nafasi ya kwanza. Google haipokei malipo ili kupandisha ukurasa kwenye matokeo ya kawaida. Matangazo yanalipiwa, na yanawekewa alama kwamba ni matangazo. Kupeleka ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani za kurasa zako, unafanya mwenyewe ndani ya Search Console, bila kulipa hata senti. Kuna jirani yangu, mshonaji, aliyelipia huduma ya aina hiyo. Alichoongezewa ni orodha ndefu ya maneno kwenye lebo ya maneno muhimu (meta keywords) ambayo msomaji wa ukurasa haioni, ilhali Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba lebo hiyo haitumii kupanga matokeo. Hasira ninayo mpaka leo, maana ile ilikuwa fedha ya nyuzi na vitambaa.

Sasa kero. Kubwa kuliko zote ni maneno yaliyofichwa. Ili kulinda siri za watu, Google haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache. Kwa Kiingereza pengo hilo halisumbui sana, lakini kwa Kiswahili, ambako mtu wa Pemba na mtu wa Bukoba huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, linameza sehemu kubwa ya habari. Ukijumlisha mibofyo ya maneno unayoyaona, hupati jumla iliyoandikwa juu ya ripoti. Naomba sana Google watafute njia ya kuyakusanya hata kwa makundi, kwa kuwa wenye lugha zenye watafutaji wachache ndio wanaouhitaji zaidi mwanga huo.

Wastani wa nafasi nao usikutie presha. Ukurasa ulio wa 3 kwa neno moja na wa 40 kwa neno lingine unaweza kuonyesha wastani usioeleza lolote kati ya hayo. Angalia neno kwa neno.

Ripoti ya kasi kwangu huwa haina data za kutosha, kwa sababu inategemea watumiaji halisi wa Chrome, na tovuti ndogo haiwafikishi. Badala yake natumia PageSpeed Insights, nayo ni bure, kupima kama kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa unapofunguka, mara nyingi picha, kinatokea ndani ya sekunde 2.5. Picha za pilau zilizopigwa kwa simu na kupakiwa zilivyo ndizo zinazolemea. Zipunguze. Msomaji wetu yuko jikoni, mikono ina unga, bando lake ni dogo, na hatasubiri.

Kwa wenye mapishi kuna pia ripoti ya data zilizopangwa, yaani maelezo ya pishi yanayoandikwa ndani ya ukurasa kwa mpangilio ambao Google inauelewa. Jina la chakula na picha ni lazima, na ukijaza muda wa kupika na vipimo, ukurasa unapata nafasi ya kuonekana na picha kwenye matokeo. Inakuonyesha kosa liko wapi, na inafanya kazi vizuri.

Kwenye simu majedwali ya Search Console yanabanana, kwa hiyo tafuta kompyuta, hata ya kuazima.

Ukimwajiri fundi akusaidie, usimpe nywila yako. Mwongeze kwenye mipangilio kama mtumiaji mwenye ruhusa ya kutazama tu, wewe ubaki mmiliki, na kazi ikiisha umwondoe. Na ikiwa tovuti ilitengenezwa na mtu mwingine, ingia leo uangalie ni nani ameandikwa kuwa mmiliki.