Mafunzo ya kupeleka ombi bunge la kaunti: siku ya pili ndiyo mali

Nilijiandikisha kwa sababu ya Mto Auji. Mvua ikinyesha Nyalenda, taka za mtaa mzima hushuka nao hadi Dunga, kando ya Ziwa Victoria, na kunasa kwenye mafunjo. Sisi tunaosuka mikeka huanza kwa kuchambua nepi na chupa kabla hatujakata shina hata moja.

Yalikuwa ya siku mbili, ukumbi wa kukodi hapa Kisumu, shilingi 1,500 pamoja na chakula cha mchana. Wenye mafunzo siwataji, watajijua wakisoma.

Siku ya kwanza ningebaki nyumbani nisingepungukiwa na kitu. Asubuhi nzima tulijitambulisha, tukarushiana mpira wa karatasi, kisha zikaja slaidi za Kiingereza, maandishi yamejaa pomoni. Mzee aliyekaa kando yangu alisinzia kofia ikamwanguka. Kwamba Kifungu cha 42 cha Katiba kinanipa haki ya mazingira safi, hilo redio imetuimbia mpaka tumelikariri. Samaki alikuwa mtamu, nisiwanyime haki yao.

Siku ya pili aliingia mwalimu mwingine, mama wa makamo mwenye kalamu nyekundu, akasema tutoe rasimu zetu. Yangu ilikuwa kurasa mbili. Akapiga mstari aya ya kwanza, ya pili, na ya tatu niliyoipenda sana.

"Mama, hapa umelia. Sasa unawaomba wafanye nini?"

Nikamwambia: waondoe gugumaji, wazoe taka, watutengenezee daraja. Akafungua Jedwali la Nne la Katiba, akaniwekea kidole: kuzoa taka na kusimamia majaa ni kazi ya kaunti. "Shika hili moja, hawana pa kuponyokea." Kurasa zangu mbili zikabaki sentensi mbili: bunge litenge pesa za makontena manne ya taka kando ya Auji, na ratiba ya kuyamwaga.

Halafu akatuchorea kalenda ya bajeti ya kaunti, na hapo ndipo 1,500 yangu iliporudi. Sisi tumezoea kukimbilia vikao vya maoni kuhusu miswada. Tunapiga kelele, sheria nzuri inapita, shilingi haiifuati. Kumbe mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bungeni kabla ya Septemba 1 kwisha, taarifa ya mikakati ya fedha mwisho Februari 28, na makadirio ya bajeti mwisho Aprili 30. Ukitokea Julai, mwaka mpya wa fedha umeshaanza na mkate umeshakatwa.

Malalamiko yangu ni kwamba mfano wa ombi waliotupa ni wa Kiingereza kitupu. Nilipouliza wa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kinakiita lugha rasmi, niliambiwa nijitafsirie. Nikajitafsiria, usiku, kwa tochi ya simu maana stima ilikuwa imepotea. Na kuchapisha ulilipia kando, hawakukuambia mapema.

Nyota nne. Siku ya kwanza ukichelewa, usijali. Ya pili fika mapema na rasimu mkononi, kalamu ile nyekundu haiwafikii wote.

Yangu niliipeleka kwa karani wa bunge, nakala mbili. Moja imerudi na muhuri wa kupokelewa, nimeibandika ukutani kando ya kalenda.