Tahadhari: Kuna mtu Los Angeles anayewauzia waandishi wa skripti njia ya kuingia Hollywood, nami nimeshamlipa dola 6,050

Nimekaa na jambo hili wiki sita bila kuliandika kwa sababu moja tu, nayo ni aibu. Leo naliandika kwa kuwa juzi dada mmoja wa Nairobi, ambaye ndiyo kwanza amemaliza skripti yake ya kwanza, alinipigia simu akiwa na furaha tele kunieleza kwamba amepata meneja hapa Los Angeles, na alipoanza kunisimulia maneno aliyoambiwa niliweza kuyamalizia mimi mwenyewe kabla hajafika mwisho. Alikuwa bado hajalipa. Lau ningeandika mapema, asingefika hata hapo, na hilo linaniuma kuliko fedha zangu.

Wanaonifahamu wanajua fedha zile zilikuwa za nini, na mama anajua zaidi, kwa hiyo sitalirudia hapa. Simtaji mtu huyo kwa jina kwa sababu anatumia majina zaidi ya moja: mkataba wangu una jina moja, ujumbe aliotumiwa yule dada una jingine, na sauti iliyorekodiwa ni ileile. Nitaeleza alivyokuja na alivyonichukua, ili mumtambue kwa mwenendo wake.

Tulikutana Alhamisi moja ya mvua, katika mkahawa wa Ventura Boulevard, upande wa Studio City. Nilifika nimeloa, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, nikamkuta ameshaketi, na mbele yake juu ya meza kuna skripti yangu imechapwa yote, ile ya wakulima wa mwani wa Paje ambayo wengi wenu mmeisoma. Ilikuwa imetobolewa matundu matatu na kubanwa kwa vishikizo viwili vya shaba, kimoja juu na kimoja chini, tundu la kati likiachwa wazi, kama zinavyobanwa skripti zote katika mji huu. Mtu wa nje halijui hilo. Mimi nilijifunza kwa kuhudhuria madarasa ya jioni kwa miaka miwili, na nilipoviona vile vishikizo moyo wangu ulitua. Nilijiambia kwamba huyu ni mtu wa kazi.

Hakuanza na fedha. Alifungua ukurasa wa nne akasoma kwa sauti pale ambapo maji yamekupwa na Mwanaidi anatembea peke yake hadi kwenye vigingi, anakuta kamba zimekatwa na mwani wa miezi miwili umechukuliwa na mkondo. Alisoma polepole, akanyamaza, akafumba macho, kisha akasema kwamba amesoma skripti kwa miaka ishirini na hajawahi kuuona ule ufuo mpaka siku hiyo. Jamani, nimeandika skripti ile kwa miaka mitano, usiku, katika chumba cha mapumziko cha wauguzi, na hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuisoma mbele yangu. Nililia. Naandika hili waziwazi ili anayesoma aelewe kwamba nilikuwa nimeshashindwa kabla hajataja hata senti moja.

Baada ya hapo alianza kunipa mifano, na hapa ndipo penye ujanja wake wote. Alinieleza kuhusu Sylvester Stallone, ambaye hakuwa na jina wala mali, akakataa kuiuza skripti ya Rocky mpaka akubaliwe kuigiza yeye mwenyewe, na filamu hiyo ya mwaka 1976, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni moja tu, ikavuna zaidi ya milioni 200. Alinieleza kuhusu Nia Vardalos, aliyeandika My Big Fat Greek Wedding juu ya harusi ya ukoo wake wa Kigiriki, filamu ya dola milioni 5 iliyotoka mwaka 2002 na kukusanya zaidi ya milioni 360 duniani kote. Alinieleza kuhusu Jordan Peele na Get Out ya mwaka 2017, iliyogharimu dola milioni 4.5 na kuingiza takriban milioni 255, kisha ikampa Peele tuzo ya Oscar ya skripti asilia, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alipofika kwa Shane Black, ambaye mwaka 1994 aliuza skripti moja kwa dola milioni 4, aliandika tarakimu hiyo kwa penseli kwenye karatasi ya kupangusia mikono akanisogezea.

Usiku ule nilipofika nyumbani sikulala. Nilikaa na simu nikahakiki kila mwaka na kila kiasi alichonitajia, kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa sahihi. Nikajiona nimefanya uchunguzi wa mtu mwenye akili, na kumbe nilichokihakiki ni mafanikio ya watu wengine, ilhali yeye mwenyewe, leseni yake, ofisi yake na waandishi aliodai kuwasimamia sikuvigusa. Alinidanganya kwa mambo ya kweli. Hakuna hata mmoja kati ya waandishi wale aliyefika alipofika kwa kumlipa mtu kama yeye, na hilo halikunijia akilini usiku ule hata kidogo.

Msiniulize kwa nini nilimwamini kana kwamba sina sababu. Aliyenikutanisha naye ni kaka tunayeheshimiana sana katika jumuiya yetu, naye pia ametapeliwa, maskini, na bado hajaweza kumwambia mke wake. Pili, alikuja wakati ambao kila mwandishi hapa amechoka. Mgomo wa waandishi wa mwaka 2023 ulianza tarehe 2 Mei na kudumu siku 148, na tangu ulipomalizika mwishoni mwa Septemba kazi hazijarudi kama zamani. Watu wenye miaka kumi katika vyumba vya kuandikia tamthilia wanatafuta vibarua. Yeye aliugeuza ukame huo kuwa hoja, akisema kwamba studio zimechoshwa na sauti zilezile na sasa zinatafuta hadithi za kutoka kwetu. Tatu, na hili linanitia uchungu zaidi, alimtumia Lupita.

Aliniuliza kama nakumbuka usiku wa tarehe 2 Machi 2014. Nani wa kwetu asiyeukumbuka? Lupita Nyong'o alisimama na Oscar yake mkononi na Afrika Mashariki nzima ikasimama naye. Akasema kwamba watu wa kwetu wameshamwona mwigizaji, na sasa yeye atawaonyesha mwandishi, kwamba jina langu litakuwa midomoni mwa watoto wa shule za Unguja. Ningekuwa na utulivu ningekumbuka kwamba usiku uleule, kwa filamu ileile ya Lupita, 12 Years a Slave, John Ridley alichukua Oscar ya skripti, na jina lake huko nyumbani halijulikani hata kwa wanaoipenda filamu hiyo. Hollywood haimpi umaarufu wa namna hiyo hata mwandishi aliyeshinda tuzo, sembuse mimi ambaye sijauza hata ukurasa mmoja. Mtu anayekuuzia umaarufu wa mwandishi anakuuzia kitu ambacho hata mji wenyewe hauna.

Tulikutana tena Jumatatu, mahali palepale, na fedha zilitajwa baada ya zaidi ya saa nzima ya mazungumzo. Kwanza dola 350 za kusoma. Kisha 1,500 za kuinyoosha skripti iwe katika hali ya kupelekwa. Kisha 3,000 za kile alichokiita kifurushi cha studio, ambacho ndani yake alinihakikishia nafasi katika Black List, ile orodha iliyoanzishwa na Franklin Leonard mwaka 2005 ya skripti zinazopendwa ambazo hazijapigwa filamu. Alinikumbusha kwamba Juno ilikuwemo katika orodha ya kwanza kabisa, na kwamba iliishia kwenye Oscar ya mwandishi wake, Diablo Cody, na mapato ya zaidi ya dola milioni 230. Hayo nayo ni kweli. Asichosema ni kwamba orodha ile ya kila mwaka hutokana na kura za watu wanaofanya kazi ndani ya studio na kampuni za utayarishaji, na nafasi yake hainunuliwi.

Nilitoa simu. Nakumbuka kikombe chake alikisogeza pembeni ili nipate pa kuweka kiwiko. Niliingiza 4,850, na programu ya benki ikanisimamisha kwa swali, ikiniuliza kama ninamfahamu na kumwamini mtu ninayemtumia fedha hizi. Nilimtazama. Alikuwa akiangalia mvua dirishani, ametulia kama mtu asiyekuwa na haja yoyote na mimi. Nikabonyeza ndiyo. Wiki mbili baadaye nilituma 1,200 nyingine za mwanasheria wa kupitia mkataba ambao, kwa maelezo yake, studio moja ilikuwa tayari kuusaini, na mwanasheria huyo sijawahi kumwona wala kumsikia.

Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi. Niliposubiri siku kumi na tisa nilikwenda kwenye anwani iliyo juu ya mkataba, nikakuta duka la kukodisha masanduku ya barua, na kijana wa kaunta akaniambia kwa upole kwamba mimi si wa kwanza kufika pale na karatasi mkononi. Nilirudi nyumbani nikaifungua ile nakala aliyonikabidhi, ile yenye vishikizo vya shaba. Alama zake za penseli zipo kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 11, na nyingine mbili katika ukurasa wa 112, ambao ndio wa mwisho. Kurasa zote za katikati ni safi kabisa. Hakuna hata kona iliyojikunja. Mwanaidi anakufa ukurasa wa 87, na mtu huyu alinieleza uso kwa uso kwamba angependa kumwona katika filamu ya pili.

Kuhusu dalili, nitasema zile ninazozikumbuka. Anaomba fedha kabla hujauza chochote. Wakala halali hapa huchukua asilimia 10 ya malipo yako baada ya wewe kulipwa, na sheria ya California, iliyoanza kutumika Januari 2010, inakataza mtu yeyote kukutoza ada ya mbele kwa ahadi ya kukutafutia kazi ya usanii, mwandishi akiwemo. Wakala lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi wa jimbo, na leseni hiyo inaweza kutafutwa mtandaoni kwa dakika mbili. Ndiyo maana huyu hajiiti wakala, hujiita meneja, kwa kuwa meneja hahitaji leseni. Mkataba wake unakuahidi asilimia 5 ya faida halisi, yaani kinachobaki baada ya gharama zote kutolewa. Mjue kwamba Art Buchwald, mwandishi wa safu za magazeti wa Marekani, aliahidiwa faida halisi kwa wazo lililozaa Coming to America, filamu ya mwaka 1988 iliyokusanya zaidi ya dola milioni 280 na ambayo sote tumeiona mara tano tano, na Paramount ikadai mahakamani kwamba faida halisi haipo. Ilimlazimu kwenda kortini, na mwaka 1992 akapewa dola 150,000. Ikiwa mtu mashuhuri kama yeye alihangaika hivyo na studio iliyokuwepo kweli, mimi ningeidai wapi faida ya filamu isiyokuwepo? Zipo dalili nyingine, lakini kwa hasira niliyonayo siwezi kuzipanga vizuri.

Ninachotaka ni afungwe. Sheria hiyohiyo inaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 10,000 kwa kila kosa, na mimi ninataka kila kosa lihesabiwe peke yake: langu, la kaka yetu, na la kila aliyefika kwenye lile duka la masanduku. Mtu huyu anachagua waandishi wageni, wenye lafudhi, wanaofanya zamu mbili, kwa sababu anajua tutaona haya kusema na tutaogopa ofisi za serikali. Anawafahamu vizuri watu anaowawinda. Hastahili msamaha, na wanaoniambia nimwachie Mungu nawaomba wasiniambie tena, kwani Mungu ametupa mdomo na karatasi.

Ikiwa umemlipa, usifute ujumbe wake hata mmoja, hata ule unaokufedhehesha. Chukua picha zake, chapa taarifa ya benki, kisha uniandikie faragha, nami sitamwambia mtu jina lako. Kaka yetu ameshakubali kuandika maelezo yake. Jumanne saa tatu asubuhi nina miadi katika ofisi ya mwanasheria wa jiji, nami nitakwenda na mkataba, zile taarifa za benki, na skripti yangu yenye penseli katika kurasa kumi na mbili.