Kinoleo Kidogo cha Kisu cha Shambani: Tazama Shina Kabla ya Kulipa

Siku moja mwezi wa nne nilikata sukuma wiki kwa kisu changu cha shambani, kwa kuwa kile cha jikoni kilikuwa kimeazimwa na jirani, na nilipoinua fungu la kwanza ili nilitie sufuriani, majani yote yalikuja pamoja yakiwa yameshikana kama shanga kwenye uzi. Kisu hakikuwa butu, maana asubuhi ile ile kilikuwa kimekata majani ya nepia ya ng'ombe wawili bila shida yoyote. Nilikisimamisha juu ya ubao, makali yakiwa chini, nikainamisha kichwa hadi usawa wa meza, ndipo nikaona mwanga wa dirishani ukipenya chini yake. Makali yaligusa ubao kwenye shina tu, yaani pale yanapokutana na mpini, na kuanzia hapo palikuwa na mwanya ambao ungepitisha sarafu ya shilingi kumi.

Kosa lilikuwa la kinoleo nilichokuwa nimekinunua mjini Nakuru kwa shilingi 650, kile cha kuvutia kisu katikati ya mfereji wenye umbo la herufi V. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Mama, hiki kitakutumikia mpaka ukichoke mwenyewe." Kwa miezi minane nilikivutia kisu humo kila Jumamosi, na kila Jumamosi kilikwangua chuma sehemu yote ya makali isipokuwa kipande kidogo cha shina, ambacho hakikuguswa hata mara moja. Kwa hiyo sehemu nyingine ililika na shina likabaki juu kama kisiki kilichosahauliwa katikati ya shamba lililolimwa.

Sitazungumzia uzito, rangi wala kama kinoleo kinaenea mfukoni, kwa sababu vyote ninavyovitaja hapa vinaenea mfukoni na mtu anaweza kuyaona mengine kwa macho yake. Ninachotaka mnunuzi akiangalie ni shina. Katika kinoleo cha mfereji, vipande viwili vya kabidi ya tangsteni, yaani kitu kigumu kuliko chuma cha kisu, vinavyokwangua chuma huwekwa ndani ya plastiki, mbali kidogo na ukingo. Ukiingiza kisu, mpini au kizuizi cha kidole hugonga plastiki kabla shina halijavifikia vile vipande. Katika changu umbali huo ulikuwa sentimita moja na nusu, na kwenye kisu chenye makali ya sentimita kumi hiyo si sehemu ya kupuuzwa.

Tena ndiyo sehemu yenye kazi kuliko zote. Anayechonga kigingi cha kufungia mbuzi haanzi kwa ncha, na anayekata kamba ya katani au tawi la parachichi huikaza mikono na kusukuma kwa shina, kwa sababu hapo nguvu ya kiganja inafika bila kupotea njiani. Kisu cha jikoni kinaweza kuvumilia shina butu kwa muda mrefu kabla mwenyewe hajagundua, lakini kisu cha shambani chenye shina butu humlazimisha mtu kuongeza nguvu, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu nyingi ndicho kinachoteleza na kumkata mtu kidole.

Kasoro hii unaweza kuipima dukani kwa dakika mbili, ikiwa mwenye duka atakuruhusu. Chukua kalamu ya maka, paka wino mweusi kwenye makali pande zote mbili kuanzia mpini hadi ncha, kisha vuta kisu mara kumi katika kinoleo kwa mkono mwepesi. Angalia wino ulikobaki. Palipobaki weusi, kinoleo hakifiki, na hakitafika hata ukikitumia mwaka mzima. Niliporudia jaribio hilo nyumbani kwa kinoleo changu, wino ulibaki kwenye shina kwa urefu wa kucha ya kidole gumba, ukiwa na mpaka ulionyooka kana kwamba umepigiwa rula.

Baada ya hapo nilijaribu vingine, vya kuazima na vya kununua, na chaguo langu la kwanza ni Diafold ya DMT, kampuni ya Marekani, ile yenye pande mbili. Sijifichi kwamba naipendelea. Ni bamba jembamba lenye chembe za almasi, lililowekwa kati ya mipini miwili ya plastiki ambayo hukunjuliwa na kuwa mshiko mmoja, kisha hukunjwa tena kulifunika bamba. Kwa kuwa kando za bamba hazina ukuta wowote, shina linalala juu yake hadi mpini ugusane na ukingo, na wino wote unatoka. Kampuni hiyo hutofautisha ukali wa chembe kwa rangi: nyeusi ni nzito sana, yenye chembe kubwa za maikroni 60 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), bluu ni nzito, maikroni 45, nyekundu ni laini, maikroni 25, na kijani ni laini zaidi, maikroni 9. Kwa kisu cha shambani ningechukua yenye bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Bluu hurudisha makali yaliyokufa, nayo nyekundu huyasafisha, na kazi ya shamba haihitaji kilicho laini kuliko hapo, kwa sababu majani ya nepia na miwa yana silika inayokula chuma, hivyo makali ya kunyolea ndevu hayatamaliza hata asubuhi moja.

Ubaya wake ni kwamba haikushiki mkono wala kukuongoza. Ni lazima ujifunze mwenyewe kuushika ulalo mmoja, yaani kukiinamisha kisu kwa pembe ile ile kila unapokipitisha, na wiki mbili za kwanza zitakukatisha tamaa. Kalamu ya maka itakusaidia hapa pia: ukiona wino umetoka juu ya makali tu ilhali kwenye ukingo wenyewe umebaki, umelaza kisu mno, ukiona umetoka kwenye ukingo pekee, umekiinua mno. Bamba jipya huhisi kama linakwaruza kupita kiasi, lakini hulainika baada ya matumizi machache, kwa hiyo usilirudishe dukani kwa sababu hiyo. Halihitaji mafuta. Matone ya maji yanatosha, kisha lioshe na kulikausha.

Wa pili ni Work Sharp Guided Field Sharpener, pia wa Marekani, na ningempa mtu ambaye hajawahi kunoa kisu maishani mwake. Una mabamba mawili ya almasi, moja zito na jingine laini, kijiti cha kauri na kipande cha ngozi cha kumalizia, na mwishoni mwa kila bamba kuna mteremko mdogo wa plastiki unaokuonyesha pembe ya digrii 20 kati ya kisu na bamba kabla hujaanza kusukuma. Shina linafikiwa vizuri. Kinachonizuia kuuweka wa kwanza ni hiyo hiyo digrii 20, kwa kuwa visu vingi vinavyotumika huku kwetu havikutengenezwa kwa kipimo hicho. Kisu cha Mora kutoka Uswidi, kwa mfano, kina ulalo mmoja mpana unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye makali, nacho hunolewa kwa kuulaza ulalo wote juu ya kinoo. Ukifuata mteremko wa plastiki unakitengenezea ulalo wa pili ambao hakikuzaliwa nao. Visu vinavyofuliwa na mafundi wa jua kali kutokana na springi za magari navyo huwa vinene, kila kimoja na ulalo wake, na fundi akikuuzia kisu hakutajii digrii.

Fallkniven DC4 ya Uswidi ndiyo ya tatu. Ni kijiwe cha milimita 100 kwa 32, upande mmoja almasi na upande wa pili kauri, na kwa ubora wa kunoa sikuona tofauti kubwa kati yake na ile ninayoipendelea. Nimeishusha kwa sababu ya vidole tu. Haina mshiko, na mtu akiwa amesimama katikati ya shamba huishika kwa ncha za vidole zinazochungulia kwenye ukingo ule ule ambao kisu kinaupitia. Ukiiweka juu ya jiwe au juu ya paja lililofunikwa kwa gunia, tatizo hilo linapungua.

Lansky Blade Medic ni ya mifereji, na kwa kanuni yangu ilipaswa kukaa nje kabisa, lakini ina kijiti cha almasi kilichochongoka ambacho hutolewa nje na kinafika kwenye shina bila kizuizi. Anayeinunua aitumie kwa ajili ya kijiti hicho, na mfereji wa kabidi auache kwa siku ya dharura. Kabidi haisagi chuma polepole kama kinoo, bali huking'oa kwa ukucha, na nyuzi za chuma utakazoziona mezani ni kisu chako kinachopungua.

Vile vya shilingi 200 na 300 vilivyotandazwa juu ya turubai sokoni Kibuye, Kisumu, ni vya mfereji karibu vyote, na nimeshasema ya mfereji. Kibamba cha bei hiyo kilichoandikwa kwamba ni cha almasi nilikitumia mara nne, kikawa laini kama kioo. Kama bajeti yako ni hiyo, nunua tupa nzuri, uinoe panga kwayo, na kisu ukinoe kwenye kinoo cha mawe cha kawaida.

Kuna wanaoniambia kwamba nasumbuka bure wakati fundi wa kunoa anapita na baiskeli yake. Fundi mwenye mkono mzuri namheshimu, lakini jiwe lake linazunguka kavu, na cheche zikiruka mfululizo makali hupata joto hadi yanageuka rangi ya bluu. Chuma kilichofika hapo kimepoteza ugumu wake, na kitakuwa butu upesi kila unapokinoa hadi sehemu hiyo ilike yote. Mwambie, "Fundi, chovya maji," na usimwondokee mpaka amalize.

Lililoniudhi zaidi katika jambo hili zima ni maduka. Kati ya manne niliyoyazungukia mjini Nakuru, hakuna hata moja lililokuwa na bamba bapa la kunolea, kwa sababu cha mfereji ndicho kinachouzika: mteja anakivuta mara tatu, anasikia kikikwaruza, anaridhika na kulipa. Kiko ndani ya plastiki ngumu isiyofunguliwa kabla ya malipo, na ukishaifungua unaonyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, lakini nilipoomba kukijaribu kinoleo kimoja kwa kisu changu kabla ya kulipa, nilitazamwa kana kwamba nimeomba kuonja sabuni.

Basi inabidi kuagiza kutoka nje, na hapo mambo hugeuka. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16 haipigwi kwenye bei ya kinoleo peke yake, bali kwenye jumla iliyokwisha kuongezewa nauli, bima na ushuru. Kitu chenye uzito usiofika robo kilo kinalipiwa nauli kama mgeni wa heshima, kisha nauli yenyewe inalipiwa kodi. Mimi niliungana na wenzangu watatu wa hapa Njoro tukaagiza Diafold nne katika kifurushi kimoja, na kila mmoja akalipa robo ya nauli.

Kisu changu kilipona, ingawa si bure. Fundi aliyekifua alikibana kwenye jiriwa, akakishusha kile kisiki cha shina kwa tupa hadi makali yote yakawa mstari mmoja, na mimi nikamalizia kwa upande wa bluu kwa jioni mbili. Sukuma wiki sasa inakatika jani kwa jani. Upana wa bapa umepungua milimita tatu, kwa hiyo kisu kinacheza ndani ya ala, na nimelazimika kutia kipande cha ngozi ya kiatu cha zamani ili kisidondoke ninapoinama kukata majani.