Kikombe cha hedhi baada ya kujifungua: kile cha zamani kilinivujia

Asalaam aleikum dada zangu. Nina vikombe viwili vya hedhi hapa mezani, vile vikombe laini vinavyotiwa ukeni kukinga damu, na leo nawaonyesha kwa karibu. Hiki kidogo nilikitumia tangu nilipoolewa mpaka nikabeba mimba. Nimekwenda nacho Shela, hapa Lamu, kwa miguu juani, nimepanda nacho mashua, nimelala nacho, sikuwahi kuona tone. Hedhi iliporudi mtoto wangu akiwa na miezi tisa, nikakitia vilevile nilivyozoea. Sijafika mtaa wa Langoni, nguo zimelowa chini ya buibui. Nililia, wallahi. Nikadhani mwili wangu umeharibika.

Mwili haujaharibika, dada. Kikombe hushikiliwa na misuli ya nyonga, na misuli hiyo hubeba uzito wa mimba miezi yote ile. Mtoto akipita njia ya kawaida, huvutika zaidi. Mlango wa kizazi nao unaweza kushuka kuliko zamani. Hata aliyezaa kwa upasuaji anaweza kuona tofauti.

Ndiyo maana watengenezaji wengi wana saizi mbili, na hiki kikubwa ndicho wanachomshauri aliyekwisha kuzaa. Tazameni nikiweka mdomo kwa mdomo: kidogo kinazama ndani ya kikubwa, lakini tofauti ni milimita chache tu. Kwangu mimi, kilichosaidia zaidi ni ugumu wake. Nakikunja hivi, naachia... mmekiona kilivyofunguka? Sasa hiki cha zamani: kinajivuta taratibu, upande mmoja umebaki umekunjika. Damu hupita hapo hapo kwenye kunjo. Kigumu nacho kina adha yake, siku mbili za mwanzo kilinibana kibofu, nikawa naenda chooni kila saa. Ikiwa tangu uzae mkojo unakutoka ukikohoa au ukicheka, mwone muuguzi kwanza, usinyamaze ukasema ndiyo uzazi.

Kabla hujanunua, jipime. Siku ya hedhi, nawa mikono, chuchumaa, tia kidole utafute mlango wa kizazi, unagusika kama ncha ya pua. Ukiugusa kwa pingili ya kwanza tu, uko chini, chukua kikombe kifupi. Mimi wangu umeshuka, kwa hiyo kikia hiki cha chini ya kikombe nimekikata chote, kilikuwa kikinichoma nikikaa.

Na katika arubaini, tafadhali, usitie kitu. Damu ya nifasi hutoka wiki nne mpaka sita, na ndani bado pana kidonda pale kondo lilipokuwa limeshika. Tumia pedi kubwa, au vitambaa safi vilivyoanikwa juani. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa, nenda hospitali mara moja, usingoje mpaka umalize kukandwa.

Usafi sasa. Mnaviona vitundu hivi chini ya ukingo? Vikiziba, kikombe hung'ang'ania ndani. Kijaze maji, funika mdomo kwa kiganja, minya: maji yaruke kama sindano. Mwisho wa hedhi nakichemsha dakika tano, kwenye sufuria yake peke yake. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yalikuwa yakikiacha na utando mweupe, siku hizi nachemshia maji matamu.

Usikiache ndani zaidi ya saa kumi na mbili. Wakati wa kukitoa usivute tu: minya kitako mpaka kiachie, halafu ndiyo ukishushe. Wewe uliyewekewa koili baada ya kuzaa, hili linakuhusu zaidi, kwa sababu kikombe kikivutwa kikiwa bado kimebana kinaweza kuing'oa. Mwambie aliyekuwekea kwamba unatumia kikombe, akupunguzie nyuzi za koili zisining'inie.

Hiki kikubwa nimekitumia hedhi tano sasa. Mwezi wa kwanza nilivaa na pedi nyembamba kwa hofu. Huu wa tano nimevaa dera jeupe.