Jumele 8x42 ao 10x42: gani ya kupeleka Kahuzi-Biega?

Hapa Bukavu batu banabishana sana juu ya hii (namba ya kwanza, 8 ao 10, ni mara ngapi jumele inakuza; 42 ni upana wa kiyoo ya mbele mu milimita), na mimi minaona jibu inatoka ku fasi yenye unaenda kuangalia nyama na ndege. Bei haisaidii kuchagua, ukishika marke moja zinapita karibu sawa.

Mu pori ya Kahuzi-Biega 8x42 njo inashinda: miti inafunga mwangaza, na ukigawa 42 na 8 unapata duara ya mwangaza ya milimita 5.25 yenye inaingia mu jicho, ile ingine 4.2 tu, tena 8 inaonyesha fasi pana, ndege akirukia tawi ingine unamukamata mbio. Na kisha kupanda mulima mikono inatetemeka, 10 inakuza na ule mtetemeko.

Lakini ku Ziwa Kivu ao bonde la Ruzizi, fasi iko wazi, mwangaza mingi, 10x42 inakuonyesha mpaka rangi ya mdomo wa ndege wa mbali, hapo 8 inakuacha na njaa.

Kutunza ni sawasawa: unyevu wa huku unaleta kuvu mu viyoo, tafuta yenye imejazwa nitrojeni (gazi kavu, unyevu usikae ndani), na usiifungie mu sakoshi ikiwa ingali na maji.