Tathmini ya nafasi ya udahili Marekani kwa shilingi 450,000: nyota mbili kati ya tano

Nimeipa ofisi hii ya ushauri wa udahili nyota mbili, na zote mbili ni za dada anayesimamia insha za maombi. Kwa huduma niliyoiendea hasa, yaani kupimiwa nafasi ya mtoto wa kaka yangu kupokelewa katika vyuo vikuu vya umma vya Marekani vyenye ushindani mkali, sikupata kitu ambacho ningemshauri mzazi mwenzangu akilipie. Jina la ofisi nimeliacha makusudi. Iko Mikocheni, na ofisi za namna hii sasa zimekuwa nyingi jijini. Ninachotaka ni mlezi ajue aulize nini kabla hajatoa hela, popote atakapokwenda.

Kijana amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM, Division One ya pointi 5: A ya Hisabati, B ya Fizikia na B ya Kemia. Anakaa Tabata na amesoma shule ya serikali ya bweni. Anataka sayansi ya kompyuta, na vyuo alivyokuja navyo mwenyewe ni vitatu: North Carolina cha Chapel Hill, Texas cha Austin na California cha Berkeley. Nilimuuliza kwa nini vyote vya umma. Akajibu, "Shangazi, si ndiyo vya bei nafuu?" Wengi wetu tunafikiri hivyo, kwa sababu hapa chuo cha umma ni cha taifa zima. Mtoto wa Kigoma na wa Temeke wanaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwa masharti yaleyale. Marekani chuo kikuu cha umma ni cha jimbo. Kinapata fedha za walipa kodi wa jimbo hilo, wabunge wa jimbo wanakifuatilia, na mtoto wa jimbo ndiye mwenye nyumba. Anayetoka jimbo jingine ni mgeni, na ada yake ni kubwa mara kadhaa. Sisi wa Dar tunahesabiwa kwenye fungu hilohilo la wageni. Kwa pesa ile ya tathmini, hili lilipaswa kuwa jambo la kwanza kuelezwa. Halikuelezwa kabisa.

Mapokezi yalikuwa mazuri, niseme haki. Kiyoyozi, maji ya kunywa, risiti ya EFD bila kuombwa. Mshauri aliingiza matokeo ya kijana kwenye kompyuta, na kabla hatujaondoka tukapewa ripoti nene ya rangi. Austin asilimia 70, Chapel Hill asilimia 62, Berkeley asilimia 48. "Mama, kijana wako yuko vizuri sana," mshauri akaniambia, "tuanze maombi mapema."

Nikamuuliza, "Kaka, hii asilimia 62 ni ya nani? Ya mtoto aliyezaliwa North Carolina au ya huyu wa Tabata?" Akasema programu inaangalia ufaulu tu, haijali mwombaji anatoka wapi.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Makadirio ya namna hii kwangu ni sawa na kukadiria ushuru wa gari bila kujua limetengenezwa mwaka gani. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma kurasa za vyuo vyenyewe, usiku, watu wakishalala.

Chapel Hill, kwa sera iliyoanza mwaka 1986, kimewekewa kikomo cha asilimia 18 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka nje ya jimbo, na kikomo hicho kimedumu kwa miongo. Ndani ya asilimia hizo 18 wamo watoto wa majimbo mengine 49 ya Marekani, kisha dunia nzima iliyobaki. Miaka ya karibuni, wanaopokelewa kati ya waombaji wa nje ya jimbo ni chini ya mmoja kwa kila kumi. Sasa asilimia 62 imetoka wapi?

Austin ndicho walichokiweka juu kabisa, kwa rangi ya kijani, na ndicho kilichonisikitisha zaidi. Sheria ya Texas inataka asilimia 90 ya nafasi za mwaka wa kwanza ziende kwa wakazi wa jimbo. Isitoshe, tangu sheria ya mwaka 1997, watoto wa Texas wanaoongoza madarasani mwao hupokelewa moja kwa moja, na hao peke yao hujaza sehemu kubwa ya nafasi. Asilimia 10 iliyobaki inagombewa na Wamarekani wa majimbo mengine pamoja na sisi, na kwa sayansi ya kompyuta foleni ni ndefu zaidi ya hapo. Kumwambia mtoto ana asilimia 70 pale ni kumfanya alale usingizi ambao hauna msingi.

Berkeley kina hali yake. Mwaka 2017 bodi ya Chuo Kikuu cha California ilipitisha kikomo cha asilimia 18 kwa matawi yake mengi. Berkeley, kwa kuwa kilikuwa tayari kimevuka hapo, kiliruhusiwa kubaki kwenye kiwango chake cha wakati huo bila kuongeza. Kwa hiyo wakati huo mlango wa mgeni ulikuwa mpana kidogo kuliko Chapel Hill, ila wanaogonga ni wengi mno. Na hata alama za chini kabisa za kuruhusiwa kuomba zinatofautiana: mkazi wa California anahitaji GPA (wastani wa alama wa Kimarekani) ya 3.0, mgeni 3.4.

Hapo Berkeley ndipo nilipokata tamaa na ripoti yenyewe. Iliandika kwamba kijana akipata 1450 kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nafasi yake itapanda hadi asilimia 60, na ukurasa uliofuata ulikuwa na bei ya mafunzo yao ya SAT, shilingi 800,000. Matawi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley kikiwemo, hayaangalii SAT katika udahili. Uamuzi wa kuachana nayo ulipitishwa mwaka 2020 na upo wazi kwenye tovuti yao. Wakati huohuo Austin, ambacho kwa sasa kimerudisha sharti la mtihani huo, ripoti ilisema SAT "si lazima". Walikuwa wamegeuza. Mtu angeweza kulipa laki nane kwa ajili ya chuo kisichoitazama SAT, kisha akaomba bila SAT kule inakotakiwa.

Pointi 5 za NECTA, Baraza letu la Mitihani, waligeuza kuwa GPA ya 3.9. Nilipouliza kwa kanuni gani, sikujibiwa. Hili ni jambo zito kwa watoto wetu na linahitaji mtu makini. Kwetu pointi ikiwa ndogo ndiyo ufaulu mkubwa, na B ya kidato cha sita ni alama 70 hadi 79. Mmarekani asiyeijua NECTA akiona 75 anasoma C. Anayemsaidia mtoto wa Tanzania kwa kweli angeanzia hapo: angeiomba shule iandae maelezo mafupi, yenye mhuri wa mkuu wa shule, yanayoeleza madaraja yetu na jinsi pointi zinavyohesabiwa, na kama takwimu zipo, yaonyeshe wangapi walipata Division One mwaka ule. Hayo yangemfaa kijana kuliko asilimia yoyote. Ofisi haikuyataja.

Hela nayo haikuulizwa. Si "nani atalipa?", si "mna uwezo kiasi gani?" Gharama zote za mwaka mmoja kwa mgeni Berkeley zinavuka dola 70,000, na vyuo hivi vitatu kwa kawaida havimpi mwanafunzi wa kigeni msaada wa fedha unaotokana na uhitaji wa familia. Ukipokelewa, chuo kinataka uthibitisho wa fedha kabla ya kukutolea fomu ya I-20, na bila hiyo huna cha kupeleka ubalozini kuombea viza ya mwanafunzi, F-1. Kanuni zenyewe za viza hubadilika, na hilo nalo lingestahili walau aya moja. Nafasi ya kupokelewa isiyotenganishwa na nafasi ya kwenda kweli inaiumiza familia, kwa sababu familia husherehekea barua, kisha inaanza kuuza kiwanja.

Kuna Morehead-Cain, ufadhili kamili wa miaka minne pale Chapel Hill, ambao mwombaji wa nchi yoyote anaweza kuuomba. Ni mgumu kuupata, lakini kwa mtoto asiye na dola 70,000 ndiyo sababu ya maana ya kuomba chuo kile. Nimeipekua ripoti yote, haumo.

Ushauri mwingine wa ripoti ulikuwa kijana "aanze UDSM huku akisubiri majibu". Kwa masikio yetu ni busara tupu, maana dirisha la udahili la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hufunguka matokeo yakishatoka na nafasi huwa ipo. Shida ni kwamba California, mtu akishajiunga na masomo ya chuo baada ya sekondari, hahesabiwi tena mwombaji wa mwaka wa kwanza. Anakuwa mwanafunzi wa kuhamia, na huko wanaotangulizwa ni wanaotoka vyuo vya jamii (community colleges) vya jimbo lenyewe. Hili lilituletea mvutano nyumbani, kwani kaka yangu hakutaka mtoto akae mwaka mzima, na ninamwelewa. Kijana mwenyewe ameamua kusubiri, na sasa anafundisha tuisheni ya Hisabati pale Tabata. Uamuzi ungeweza kuwa mwingine na bado ukawa sahihi. Ninacholalamikia ni kwamba ofisi inayolipwa kushauri haikumwekea gharama ya kila njia mezani.

Sasa nyota zangu mbili. Dada wa insha ni mtu wa kazi. California wanataka majibu manne kati ya maswali manane, kila moja lisizidi maneno 350, na kijana alikuwa amejaza yote kwa ndoto zake za utotoni. Dada alimwambia afute. Akamuuliza unafanya nini ukirudi nyumbani kutoka shule. Kumbe huyu mtoto kwa muda mrefu amekuwa akiandika kwenye daftari siku na saa ambazo maji yanatoka mtaani kwao, akatafuta mpangilio wake, hadi majirani wakawa wanapita kumuuliza lini waandae madumu. Mimi shangazi yake sikuwa ninajua. Insha iliyotoka hapo nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma namuona yeye.

Kwa upande wa tathmini, mnaweza kupata picha ya kweli bila kulipa. Vyuo vingi vya Marekani hujaza kila mwaka hati ya takwimu iitwayo Common Data Set. Andikeni jina hilo na jina la chuo mtaipata. Sehemu ya C inaonyesha walioomba na waliopokelewa, na miaka ya karibuni vyuo vingi huwatenganisha wakazi wa jimbo, wa majimbo mengine na wa kigeni. Kipengele cha C7 kinaonyesha kama ukazi wa jimbo unazingatiwa katika udahili. Kipengele cha H6 kinasema kama wanafunzi wa kigeni wanapewa msaada wa fedha. Pia kuna EducationUSA kwenye ubalozi wa Marekani, ambao ushauri wao ni bure.

Baada ya kusoma hayo, orodha ya kijana imebadilika. Austin na Berkeley zimetoka. Chapel Hill imebaki kwa ajili ya Morehead-Cain tu. Vimeingia vyuo binafsi vichache kama Amherst na Bowdoin, ambavyo humpima hata mwombaji wa kigeni bila kuangalia mfuko wa familia kisha hugharamia uhitaji wake. Ushindani huko ni mkali vilevile na mtoto ameambiwa hivyo waziwazi, bila asilimia.

Ofisi ile inauza huduma ya insha peke yake kwa shilingi 150,000, ingawa bei hiyo haipo kwenye kipeperushi, lazima uulize. Nendeni Jumamosi asubuhi, ndiyo siku dada yule huwa na muda wa kukaa na mtoto. Wakiwapa na fomu ya tathmini, irudisheni bila kuijaza.