Marantz AV10 baada ya risiva: pesa inakwenda wapi hasa

Nianze na kisichobadilika. Mwenye spika 5 na sabufa (spika ya besi) moja akiitoa risiva nzuri, yaani boksi lenye prosesa na amplifaya pamoja, na kuweka Marantz AV10, prosesa ya sauti ya sinema ya nyumbani iliyotoka 2023 kwa dola 7,000, asitegemee mazungumzo ya filamu yawe na utamu mpya. Chipu zinazogeuza data kuwa sauti kwenye risiva za bei ya kati zimekuwa safi kupita masikio yetu kwa miaka mingi sasa. Ninavyoitumia AV10, thamani yake naiona kwenye idadi ya chaneli (njia za sauti, moja kwa kila spika) na, zaidi sana, kwenye besi.

Ni prosesa ya chaneli 15 na sabufa 4, kwa hiyo inafika hadi mpangilio wa 9.4.6: spika 9 chini, 6 juu. Haina amplifaya ndani. Marantz wanauza AMP10 ya chaneli 16, wati 200 kila moja, iliyotoka kwa bei ileile ya dola 7,000, lakini hulazimiki kuichukua. Amplifaya yoyote ya nguvu inakubali, mradi uhesabu chaneli zako kabla ya kulipa. Angalia pia soko ilikotengenezewa: ya Marekani ni ya volti 120, ya Ulaya ni 230. Kwa umeme wetu chukua ya Ulaya. Ile ya 120 itadai transfoma ya kushusha umeme maisha yake yote, na siku mtu atakapoichomeka ukutani moja kwa moja, kwaheri.

Waya za kwenda kwenye amplifaya zitumie XLR (plagi ya duara yenye pini 3), hasa zikivuka mita 3. XLR hupeleka ishara kwa nyaya mbili zinazopingana, na kelele iliyoingia njiani hufutana inapofika. Sabufa isiyo na tundu la XLR usiiwekee adapta. Chomeka RCA (plagi ya kawaida ya pini moja) nyuma ya prosesa, zipo kwa chaneli zote. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa kwanza kebo ya dishi au antena. Mara nyingi tatizo ni mzunguko wa ethi unaoingilia huko, na kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kwenye kebo hiyo kinaumaliza.

Sasa besi. Chumba ninachokizungumzia ni mita 5.2 kwa 3.9, kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae. Ukuta wa saruji haupepesuki kama wa mbao, kwa hiyo nishati ya besi inarudi karibu yote ndani. Gawanya 345, yaani mita ambazo sauti husafiri kwa sekunde kwenye joto letu, kwa mara mbili ya urefu wa chumba: inatoka kama hezi 33. Upana unatoa 44. Kwenye masafa hayo besi itavimba karibu na kuta na kukauka katikati, na kochi la katikati ya chumba linakaa palepale besi ya hezi 33 inapokufa.

Hapo ndipo watu wanapoipa mashine kazi isiyoiweza. Urekebishaji wa chumba, yaani mashine kupima sauti kwa maiki na kuisawazisha, unashusha mlima (besi iliyovimba), shimo (besi iliyokufa) haulijazi. Ukiongeza desibeli 10 kwenye shimo, sabufa inahema, amplifaya yake inagonga ukomo, na kitini bado hakuna kitu. Dawa ni sabufa mbili, moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma: zikivuma kwa pamoja, wimbi la urefu wa chumba linakosa nguvu. AV10 inaipimia kila sabufa umbali na kiwango chake. Risiva nyingi za zamani zina matundu mawili ya sabufa, ila kwa ndani ni tundu moja lililogawanywa.

Kupima: zima feni, kiyoyozi na friji iliyo karibu. Maiki iwe kwenye stendi, usawa wa masikio, isiegemee mgongo wa kochi. Kipimo cha kwanza ndicho kinachopanga umbali na viwango, kwa hiyo kifanyike kiti kikuu. Vingine 7 vya Audyssey, mfumo wa urekebishaji unaokuja na mashine, viwe ndani ya sentimita 60 hivi kuzunguka hapo. Ikimaliza, sabufa ikisoma -12 umefika mwisho wa kipimo: punguza sauti nyuma ya sabufa, upime upya. Ukiona sabufa iliyo mita 4 imeandikwa 5.5, iache. Ndani ya sabufa kuna ucheleweshaji, na mashine imeuhesabu kama umbali. Spika zilizowekwa "Large" zigeuze "Small", na mpaka kati yake na sabufa uwe hezi 80: chini ya hapo kazi ni ya sabufa.

Audyssey XT32 unayopewa inatosha kuanzia. Nunua programu yake ya simu, zima ule mdidimio wa makusudi karibu na hezi 2,000, kisha zuia marekebisho yasipande juu ya hezi 400 hivi ili tabia ya spika zako ibaki. Dirac Live, mfumo mwingine wa urekebishaji, inalipiwa kando, na kwa bei hii ya mashine hilo linaudhi. Lakini mwenye sabufa mbili au zaidi ainunue pamoja na nyongeza yake ya Bass Control, kwa sababu inapanga fezi (mawimbi yaende pamoja, yasipingane) ya sabufa zenyewe na pale zinapokutana na spika. Audyssey inazisawazisha zikiwa kitu kimoja. Ujue tu kwamba ukiwasha Dirac unapoteza Dynamic EQ, ile inayorudisha uzito wa besi ukisikiliza kwa sauti ndogo usiku. Ukibadilisha idadi ya spika baada ya kupima, vichujio vyako, yaani marekebisho yaliyohesabiwa, havifai tena.

Upande wa picha sina mengi. HDMI 7 za kuingiza zote zinapokea picha za 8K. Kebo ikizidi mita 5 chukua ya nyuzi za mwanga, na kumbuka ina mwelekeo: kichwa kimoja ni cha chanzo, kingine cha TV. Ukigeuza, giza tupu.

Kabla ya kusasisha programu endeshi, hifadhi mpangilio wako wote kwenye flashi. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha unaweza kubaki na boksi lisilowaka, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mashine ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba).